Pedeli ya Kushoto

Usukani wa gemu ukiuwashia umeme hujizungusha wenyewe. Hugeuka kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho, halafu hutulia katikati, na hapo hakuna jini wala nini. Ni mota iliyo ndani yake inajitafutia katikati kabla kazi haijaanza. Rhoda alikuwa amewaeleza wateja wake jambo hilo mpaka mate yakamkauka. Watu wa Segese, wachimba dhahabu, wana woga wa ajabu: mtu anashuka shimoni kwa kamba, gizani, chini ya mwamba unaopumua, halafu akipanda juu anakimbia usukani wa plastiki.

Kwa hiyo mchana ule, alipokuwa akifagia banda lake la gemu za mpira peke yake akausikia mlio wa mota nyuma yake, hakujisumbua kugeuka. Alimaliza kona, akazoa takataka, akazitupa nje. Aliporudi ndipo akakumbuka kwamba umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Usukani ulikuwa umelala kushoto mpaka mwisho, na haukuwa ukirudi. Rhoda aliushika aurudishe, ukamgomea, ukawa mzito kana kwamba kuna mtu upande wa pili ameung'ang'ania. Pale karibu palinuka udongo mbichi, ule wa chini kabisa ambao haujawahi kuona jua.

"Acha ujinga," Rhoda aliuambia.

Usukani ukaachia. Rhoda alijifuta jasho la mikono kwenye kanga, akajiambia kwamba vitu vya mtumba vina vituko vyake, akaendelea na shughuli.

Usukani ule aliununua Kahama kwa ajili ya mumewe. Maige alikuwa dereva wa lori, akibeba mawe kutoka machimboni kwenda kwenye makarasha ya kuyasaga, hadi siku breki zilipokufa kwenye mteremko na lori likamlalia mguu wa kushoto. Hospitali waliukata juu ya goti. Akarudi nyumbani na magongo mawili, akakaa akitazama ukuta. Mwanamume aliyekuwa akiongea njia nzima mpaka tingo wake, msaidizi wa garini, anaomba huruma, sasa alikuwa anaulizwa kama amekula na anajibu kwa kichwa. Rhoda hakuolewa na ukuta. Alipouona usukani wenye pedeli tatu na mkono wa gia unauzwa, aliununua bila kumuuliza mtu.

Mwanzoni Maige alimfokea, akisema anamfanya mtoto. Kesho yake akakaa. Mguu wa kulia ulitosha kwa mafuta na breki. Klachi, ile pedeli ya kushoto, aliiacha, akapanga gia zijibadilishe zenyewe. Baada ya hapo akawa mwalimu. Vijana waliotamani kuendesha magari makubwa ya mgodini walikuja kujifunza kwake, naye hakuwabembeleza.

"Shuka kwenye hilo gari la mashindano," aliwaambia. "Anza na kigari kidogo, dhaifu, chenye adabu. Chagua barabara moja, uizunguke mpaka uijue kama chumba chako. Breki unakanyaga usukani ukiwa umenyooka, kabla ya kona, siyo ndani ya kona. Na macho yaende mbali, unakotaka kwenda. Ukiukodolea ukuta macho, utaugonga huohuo."

Tatizo lilikuwa meza. Usukani wa namna ile hupigana na mikono, gari likiteleza nao unavuta, na meza ya Rhoda ilikuwa ikitembea banda zima. Ndipo Bartholomeo, seremala wa jirani, akawatengenezea stendi na kiti kwa pamoja, kwa magogo meusi mazito yaliyokazwa kwa bolti. Haikutikisika hata kidogo. Walifurahi, wakamshukuru, na hakuna aliyeuliza magogo yametoka wapi.

Baada ya mchana ule wa usukani, Maige alianza kuchelewa kuinuka kwenye kiti. Wanafunzi wakija aliwaambia waje kesho. Alipunguza maneno tena, lakini safari hii alikuwa akitabasamu, na tabasamu lile lilimtisha Rhoda kuliko ule ukimya wa zamani.

Alasiri moja aliingia nyuma ya pazia lililotenga kona ya usukani kumpelekea chai. Maige alikuwa anaendesha. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye usukani, wa kushoto kwenye gia, akibadilisha gia mwenyewe kama enzi za lori, na kila alipobadilisha, pedeli ya kushoto ilizama chini taratibu, ikakaa, ikapanda. Hakukuwa na kitu juu yake. Suruali ya Maige ilikuwa imekunjwa na kubanwa kwa pini juu ya goti, kama Rhoda mwenyewe alivyoibana asubuhi.

"Baba Mbuke," aliita kwa sauti ndogo.

"Usipige kelele. Utaufukuza."

"Nini?"

"Mguu." Maige alinong'ona, macho yakiwa kwenye skrini. "Umerudi, Mama Mbuke. Nikikaa hapa unarudi. Nasikia mpaka vidole."

Rhoda alitazama skrini, na kile alichokiona kilimfanya aiweke chai chini kabla haijamwagika, kwa maana ile barabara ya lami yenye nyasi pembeni haikuwepo tena, palikuwa na shimo linaloteremka, kuta zake zimeshikiliwa na magogo meusi yaliyopangwa moja juu ya jingine, na gari la Maige lilikuwa likishuka humo bila taa, bila haraka, likipita magogo mengine na mengine, maji yakichuruzika kwenye kioo, na kila liliposhuka ile harufu ya udongo mbichi ilizidi kupanda humo bandani, ikachanganyika na moshi wa baruti, na kwa mbali sana, chini kabisa, kulikuwa na mtu anagonga mwamba kwa nyundo, anapumzika, anagonga tena.

Rhoda aling'oa waya ukutani. Skrini ikazimika. Nyundo haikunyamaza.

Jua lilizama Maige akiwa pale pale. Alikataa chakula. Rhoda alipomshika chini ya makwapa amnyanyue, alikuta mwili wa mumewe umekuwa mzito usiobebeka, mikono ya baridi, na chini ya kucha zake kumejaa tope la kijivu, yeye ambaye hakuwa ametoka nje. Alikaa kando yake mpaka kulipokucha, akamwita jina lake la ubatizo, akamwita kwa jina la mtoto wao, Mbuke, aliyekuwa shuleni Geita, akamtukana kidogo, akamwomba radhi. Kulipopambazuka alipanda bodaboda akamfuata Bibi Juliana.

Bibi Juliana alikuwa mganga aliyekuwa akisali Jumapili na kutibu siku nyingine, na hakuona aibu kwa lolote kati ya hayo mawili. Aliingia bandani akiwa na fimbo na kopo la ubani.

"Shikamoo, Bibi," Rhoda alisema.

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Funga mlango wa mbele. Wacheza mpira waende kwao."

Hakumgusa Maige kwanza. Aliinama, akayapapasa magogo ya kiti, akayanusa, akasonya.

"Haya ni matimba. Nani kayaleta?"

Bartholomeo aliitwa, akaja akiwa bado na vumbi la mbao kwenye nyusi. Akajiumauma. Mwishowe akasema aliyachomoa kwenye duara la kule kilimani, shimo lile lililofukia watu likaachwa.

"Mbao nzuri zinaoza bure, Bibi. Nikasema..."

"Ulisema nini ulipoyachomoa? Uliomba?"

Bartholomeo akatikisa kichwa. Kila mtu Segese anajua kwamba matimba ndiyo yanayoshika kuta za duara zisianguke, na kwamba duara lililokula watu lina mwenyewe. Utachukua mawe yaliyobaki juu, utachukua hata kamba. Matimba huyagusi.

Bibi Juliana aliwasha ubani. Moshi haukupanda, ulitambaa sakafuni ukazunguka pedeli tatu, ukaingia chini ya ile ya kushoto. Maige akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa yake na haikuwa yake, nzito, imejaa maji.

"Mmechomoa nguzo zangu. Paa linaniangukia. Huyu atasimama mahali pa nguzo."

"Huyu hawezi kusimama," Rhoda alisema. "Humwoni?"

"Nimempa mguu. Atasimama."

Bibi Juliana alimvuta Rhoda pembeni. Alisema ukweli bila kuuficha.

"Jini wa kuingia mwilini ninamtoa. Huyu hajaingia. Mumeo ndiye amemshika, kwa mikono miwili. Sina dawa ya mtu anayemkumbatia jini wake. Inawezekana tumbebe na kiti chake, twende kwenye duara, tuombe msamaha. Pengine atahurumiwa."

"Tumbebe mume wangu tumpeleke shimoni?"

"Ndiyo desturi."

"Yaya, hapana," Rhoda alisema. "Desturi hiyo ikamtafute mwingine. Bartholomeo, lete msumeno."

Seremala alibaki akimtazama. Rhoda akauliza kama anataka auchukue mwenyewe, na hapo akakimbia.

Msumeno ulipokuja, Rhoda alipiga magoti mbele ya kiti, akauweka msumeno kwenye gogo la kushoto, akaanza. Gogo lilikuwa kavu kwa nje. Ndani lilitoa maji, yakatiririka kwenye mikono yake, ya baridi, yenye kunuka. Usukani ukaanza kupigapiga kulia na kushoto, banda likatikisika, runinga za mpira zikawaka zote bila umeme, na kwenye kila moja gari lilikuwa likishuka duarani.

"Ukikata, mguu unaondoka," sauti ilisema.

"Najua."

Kisha ikaja sauti nyingine, ya Maige kabisa, ile ya ndani ya nyumba, na hiyo ndiyo iliyomkata nguvu.

"Usikate, Mama Mbuke. Nakuomba. Niache na mguu wangu."

Msumeno ukasimama. Rhoda alilia, na hakuona sababu ya kujificha. Alimtazama mumewe usoni, uso uliokonda kwa siku chache.

"Kidonda hicho nimekiosha kwa mikono yangu," alisema. "Nimekinusa kilipooza. Sijawahi kukionea kinyaa na sijawahi kuutamani mguu usiokuwepo. Wewe ndiye ninayekutaka, na huo upungufu wako. Lakini nikikata peke yangu nitakuwa nimekunyang'anya, na utanichukia mpaka kufa. Gogo linacheza. Nishikie."

Bibi Juliana alifunga macho. Pedeli ya kushoto ilikuwa ikizama na kupanda, ikizama na kupanda, bila kukoma. Maige alitazama pedeli ile kwa muda mrefu, kama mtu anayemuaga mgeni kituoni. Halafu akatoa mkono mmoja kwenye usukani. Ulirudi, ukatoka tena. Akaushusha, akalikamata gogo.

"Kata haraka," alisema.

Rhoda alikata.

"Nani atalishika paa langu?" sauti ilipiga kelele kutoka kwenye runinga zote.

"Lianguke!"

"Nitakaa wapi?"

"Hama! Sisi tumehama nyumba ngapi hapa Segese, nani alitubebea vyombo?"

Gogo likakatika. Kiti kikapinduka, Maige akaanguka sakafuni na usukani ukamwangukia kifuani, na wakati huohuo ardhi ikanguruma kutoka upande wa kilimani, mlio mrefu wa kifusi kinachoshuka mahali penye kina. Nje watu walipiga mayowe. Vumbi jekundu lilipanda juu ya mabati ya mji, na runinga zikazimika moja baada ya nyingine.

Maige alipapasa mahali palipokuwa na goti lake la kushoto. Alipapasa tena. Kisha akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hospitali wala siku yoyote baada ya hapo, na Rhoda hakumnyamazisha. Alikaa naye sakafuni kwenye maji machafu mpaka alipomaliza.

"Tutafunga usukani kwenye nini sasa?" Maige aliuliza hatimaye, akipenga kamasi.

"Kwenye zege," Rhoda alisema. "Zege halina ukoo."

Bibi Juliana alicheka kwa mara ya kwanza. Bartholomeo hakucheka. Alikuwa ameegemea mlango, uso umemfifia.

"Yalikuwepo mengine," alisema.

"Mengine gani?"

"Matimba. Yalibaki nikatengeneza kitanda." Akakwepa macho ya Bibi. "Changu na mke wangu. Asteria hajainuka toka juzi, nikadhani ni homa. Anacheka usingizini. Anamnyonyesha Vumilia."

Wote pale walikuwa wamemzika Vumilia, mtoto wao mchanga, mwaka uliopita, ndani ya kisanduku ambacho Bartholomeo alikitengeneza mwenyewe na kukibeba mwenyewe.

Rhoda aliuokota msumeno, akaufuta kwenye kanga. Maige alijivuta mpaka ukutani, akasimama kwa mguu mmoja.

"Nipe magongo."

"Pumzika, baba," Bibi Juliana alimwambia. "Umetoka mbali."

"Mama Mbuke atakata," Maige alisema. "Lakini kabla hajakata, yupo wa kuongea na Asteria. Na humu ndani hakuna anayejua cha kumwambia isipokuwa mimi."