Bembea ya Kioo ya Nawabu

Siku ya kwanza seremala Ustadi Nisar alidhani macho yake yamechoka. Alikuwa ameiacha bembea imenyooka, pimamaji shahidi, akafunga ukumbi wa wanawake na kuutia ufunguo mfukoni. Aliporudi baada ya sala ya adhuhuri, bembea ilikuwa imelalia kushoto kwa upana wa vidole vinne, kama kwamba kuna mtu amekaa.

Hapakuwa na mtu.

Bembea yenyewe haikuwa ya kawaida. Nawabu, mtawala wa Daulatgarh, aliiagiza Uingereza kwa ajili ya harusi ya binti yake, Mahrukh, ikaja kwa gari moshi katika masanduku thelathini na tisa: nguzo za kioo cha kuchongwa, minyororo ya fedha, tausi wawili wenye macho ya zumaridi. Kiti chake cha kioo ndicho kilichofika vipande vipande. Nawabu hakutaka kungoja kingine. Uani ulikuwepo mkwaju mkubwa, wa tangu enzi za babu yake, uliokatwa ili kuupanua ukumbi huo. "Chonga kiti kwa mbao zake," alimwambia Nisar, "kisha ukifunike kwa fedha. Nani atajua?"

Nisar akachonga, akakifunika kwa fedha, akakipaka nta. Na sasa kiti hakikubali kunyooka.

Siku tisa alikaza, akalegeza, akapima upya. Asubuhi sawa, mchana upande. Mikono ikamvimba. Nyumbani aliacha hata kuzungumza na mkewe. Chakula kililetwa, kikarudi.

"Ustadi, hii ni bembea au punda kilema?" Diwani Harbans Lal, waziri wa Nawabu, alimuuliza mbele ya watumishi wote.

"Bwana Diwani, nimeipima mara tatu leo."

"Basi ya nne ipime ukiwa macho."

Akaletwa Bwana Pelham, mhandisi Mwingereza wa mifereji. Akautazama mnyororo, akasema ni joto linaurefusha, ikatwe pete moja. Nisar alijua huo ni upuuzi, lakini nani humsikiliza seremala mbele ya mhandisi? Pete ikakatwa. Mchana ule bembea ikalalia kushoto vilevile, vidole vinne, hakikupungua kimoja.

Siku ya kumi akasema, potelea mbali. Akajifungia humo ndani, akaketi sakafuni akiwa na nyundo mapajani.

Nje upepo wa moto ulikuwa ukivuma, jumba zima limelala. Mara akasikia harufu. Harufu ya majani ya mkwaju yaliyonyeshewa, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi saba. Kisha ukaja mlio wa kamba inayosuguana na tawi, kwii, kwaa, taratibu, ilhali bembea ile haikuwa na kamba hata moja, ilikuwa na minyororo ya fedha tu, na minyororo hiyo ilikuwa imeanza kukaza, pete baada ya pete, upande wa kushoto, na kiti kikashuka kama kinavyoshuka kitanda mtu mzito anapokalia ukingo wake, na vioo vikagongana kama bangili za mwanamke anayejiweka vizuri, na Nisar akataka kusoma Ayatul Kursiyu lakini ulimi ukamganda, maana bembea ilikuwa inakwenda, inarudi, inakwenda, na kila iliporudi kitu baridi kilimpitia usoni mithili ya upindo wa nguo.

"Umetia nta nyingi," sauti ya kike ikalalamika. "Kunateleza."

Nyundo ilimdondoka. Hakukumbuka alifunguaje mlango.

Maulvi Sharafat, shehe aliyesifika kwa kuzungumza na majini, alikaa humo mchana mmoja tu. Alitoka kanzu imeloa jasho.

"Hakuja nyumbani kwenu," alimnong'oneza Nisar. "Ninyi ndio mliomwingizia nyumba yake ndani. Toeni mbao hizo, mzirudishe uani. Na asikalie mtu, hasa bibi harusi."

Nisar akalipeleka neno hilo kwa Nawabu, amepiga magoti.

"Wageni wangu wanafika kesho," Nawabu akasema. "Wazungu watakuja kuitazama bembea hiyo. Mimi niliagiza bembea, Nisar, sikuagiza hadithi."

"Mtukufu, nipe siku mbili, nichonge kiti cha msaji."

"Toka."

Akatoka, meno yameumana. Njia ikabaki moja. Alimjua Mahrukh tangu utotoni. Ndiye aliyemchongea vitanda vya wanasesere wake. Akaomba azungumze naye, yeye akiwa nyuma ya pazia, akamweleza yote, mpaka ile habari ya nta.

 Mahrukh akacheka kidogo.

"Kumbe bado yupo? Tulipofunga kamba kwenye mkwaju, ndiye aliyekuwa akinisukuma. Mimi nilidhani mjakazi."

Nisar akalisogelea pazia. "Binti yangu, usikae. Nakuomba."

"Nisipokaa, baba Ustadi, nani atapigwa? Mimi au wewe?"

Nisar akainuka, akaondoka.

Kesho yake, siku ya harusi, ukumbi ulifunguliwa kwa wote, ukafurika. Bembea ilikuwa imelalia kushoto mbele ya kadamnasi, na Diwani alimkazia Nisar macho ya kumla. Mahrukh akaja katika nguo zake nyekundu, uso umefunikwa shela, akatembea polepole. Hakukaa katikati. Alikaa kulia.

Bembea ikanyooka. Sawasawa kabisa.

Ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Nawabu akatabasamu, Bwana Pelham akapewa mkono wa pongezi kwa akili yake ya kukata pete. Nisar alisimama nyuma ya nguzo, mtu mzima, akijizuia kulia kwa hasira na hofu.

Mahrukh aliposhuka, bembea ikabaki imenyooka. Nisar akaikodolea macho. Akagusa kiti: chepesi. Akanusa: hamna harufu, ila ya nta.

Alitimua mbio hadi langoni. Wapagazi wanane walikuwa wameinyanyua machela yenye pazia ya kumpeleka bibi harusi kwa mumewe, wakaitua tena, wakitweta.

"Tumembeba nani humu?" mmoja akanung'unika. "Bibi harusi mmoja huyu?"

"Simamisheni!" Nisar akapiga kelele. "Fungueni pazia! Hayuko peke yake!"

Diwani akamshika ukosi. "Leo tena una nini? Bembea si imenyooka? Umezidi!"

Wapagazi wakajikaza, wakasema bismillahi, wakanyanyua. Machela ikapita mbele yake, karibu kiasi cha kuigusa, na kutoka ndani akaisikia sauti ya Mahrukh, ya upole, bila woga wowote:

"Sogea kidogo."