Kipande Alichokikata Verna

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghala ya mahindi pale Verna Stoltz alipotumwa kuchukua kopo la filamu. Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa Mei, mwaka 1966, katika mji mdogo wa Pell Creek, Ohio. Kesho yake wanafunzi wa mwaka wa mwisho wangekaa gizani kutazama ajali za barabarani. Keshokutwa lingekuwa dansi la kuagana. Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka. Kwanza damu, kisha muziki.

Filamu ile haikuwa ya maigizo. Magari yalikuwa yamepondeka kweli, na vijana waliolala kando yake walikuwa wamekufa kweli. Ilipitishwa shule hadi shule, ili watoto waogope kushika usukani wakiwa wamelewa. Wavulana walishindana nani asitapike. Mwaka uliopita Lyle Hoskett, mwenye mabega mapana kama mlango, alijipenyeza kutazama kabla ya zamu yake, akaanguka chini kama gunia la viazi, na hadi leo walikuwa wakimwita "Bibi Harusi."

Verna alikuwa na miaka kumi na saba, na ndiye aliyeaminiwa kuendesha projekta ya shule. Kila mwaka kopo lilifika kwa basi na kuachwa katika duka la dawa la Bi Feeney.

"Basi halijapita leo," Bi Feeney alimwambia.

"Lakini kopo si hilo hapo?"

"Limeletwa na mtu. Kofia imemfunika macho, kamera begani. Hakusema neno, mwanangu. Kaweka, katoka." Bi Feeney akakunja pua. "Na harufu yake kaniachia mimi."

Verna akanusa. Petroli. Petroli, na majani mabichi yaliyopondwa.

Alilibeba kopo kwapani hadi shuleni. Lilikuwa la baridi, kama kitu kilichotolewa kisimani.

Sheria ya Bwana Ostrander, mwalimu wa udereva, ilikuwa moja: filamu itazamwe kwanza na fundi, peke yake. Ikikatika mbele ya wanafunzi, watapiga miluzi, na woga wote utapotea. Kwa hiyo Verna akafunga mapazia ya chumba cha mwisho, akaipitisha filamu kwenye meno ya projekta, akazima taa.

Tak-tak-tak-tak-tak...

Mwanzoni ilikuwa ile ile ya kila mwaka. Magari ya zamani. Viatu barabarani. Sauti nzito ya mwanamume ikisema kwamba huyu alikunywa glasi tatu, na yule nne. Verna alitazama meno ya projekta zaidi kuliko ukuta.

Kisha sauti ikanyamaza.

Projekta iliendelea kuzunguka, lakini mzungumzaji hakusema tena. Verna akainua macho. Ukutani kulikuwa na barabara tupu, na kando yake sanduku la barua lililochorwa jogoo mwekundu.

Alilijua sanduku lile. Lilikuwa karibu na Daraja la Kessler, maili mbili kutoka kwao.

Kamera haikutikisika. Ilikuwa inangoja. Mkono ukaingia mbele yake, mkono wa mpiga picha mwenyewe, ukageuza saa yake ya mkononi ili isomeke. Saa sita kasorobo usiku. Halafu taa mbili zikatokea mbali, zikiyumba, zikikua...

Gari la bluu. Gari la baba yake.

Hapakusikika kishindo. Gari liliingia kwenye nguzo ya daraja kimyakimya, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kelele yoyote. Mpiga picha akasogea taratibu, bila haraka, kama mtu anayekwenda kuchukua barua zake. Chupa ya wiski. Ua jeupe la kufunga mkononi. Kisha pindo la gauni la njano.

Pindo lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa kijani.

Verna akasogelea ukuta. Gauni lile lilikuwa nyumbani kwao, juu ya cherehani. Lilikuwa la Twila Bascom, rafiki yake, mpenzi wa kaka yake Gordy. Verna ndiye aliyemshonea, na jana uzi wa njano ulimwishia, akamalizia pindo kwa uzi wa kijani, akasema moyoni nani ataona?

Mtu mwingine duniani hakujua.

Na pale, ndani ya sauti ya projekta, kitu kikanong'ona. Hakikutoka kwenye spika. Kilitoka nyuma ya sikio lake.

"Waonyeshe."

Akageuka. Chumba kilikuwa kitupu. Kulikuwa na harufu ya petroli tu.

Mtu mwingine labda angekimbia na filamu ile hadi kwa mwalimu. Verna alilelewa na bibi yake, mwanamke wa milimani Kentucky, na bibi alikuwa na sheria zake. Ya kwanza: ndoto mbaya haisimuliwi kabla ya kifungua kinywa. Ukiitamka na tumbo tupu, umeiita. Mjomba wake Verna aliota jeneza, akalitaja kabla ya kunywa kahawa, na kabla ya jua kuzama akalazwa ndani yake. Nyumbani kwao hakuna aliyefungua mdomo asubuhi mpaka mkate ulumwe.

Hii ilikuwa ndoto ya namna gani, basi? Kuionyesha mbele ya watu tisini kungekuwa kama kuitamka kwa vinywa tisini.

Akachukua wembe wa kurekebishia filamu. Akakata penye sanduku la barua. Akakata tena pindo lilipoishia. Akaziunga ncha mbili kwa utepe wa gundi, vizuri, kama alivyofundishwa. Kipande kile akakikunja na kukitia mfukoni. Nyumbani akakifungia ndani ya kopo la biskuti, chini ya vifungo na sindano zake.

Usiku ule alilala kama mtu aliyezima moto.

Ijumaa chumba kilijaa. Twila alikuja hadi kwenye projekta, akainama.

"Verna, shoga yangu, iwashe vizuri leo. Sauti juu kabisa."

"Kwa nini?"

"Tumewekeana dau na kaka yako. Filamu ikimtisha, ile chupa yake ya wiski anaimwaga mbele yangu. Ikimchekesha, kesho nisimsumbue." Twila akatabasamu, lakini vidole vyake vilikuwa vikipindapinda leso. "Mwaka jana alichungulia mlangoni tu, akatoka amepauka kama maziwa. Nategemea hilo."

Mkono wa Verna ukakauka kwenye swichi. Angeweza kusema, ngojeni. Angeweza kukimbia nyumbani, dakika kumi tu kwenda na kurudi, akafungua kopo la biskuti. Lakini mbele ya watu wote hawa? Watu tisini?

"We fundi!" Lyle aliita kutoka nyuma. "Au na wewe umekuwa bibi harusi?"

"Bibi harusi ni wewe, Lyle!" Gordy akamjibu, na chumba kizima kikacheka. "Verna, dada yangu, tuwashie. Nimekula mayai manne, nataka kuona yatakaa au yatatoka."

Akawasha.

Mayai yalikaa. Magari ya zamani walishasimuliwa, wengine walianza hata kuiga sauti nzito ya mzungumzaji. Kisha mzungumzaji akanyamaza. Barabara ikaonekana kwa kufumba na kufumbua... ikaruka... ikawa imekwisha. Ukuta mweupe.

"Hivi tu?" mtu akauliza.

"Hata hawajagonga!" Gordy alikuwa amesimama, anacheka mpaka anajifuta machozi. "Mwalimu, turudishie woga wetu!"

Bwana Ostrander alikuna kichwa. "Ajabu. Mwaka huu imekuwa fupi."

Twila hakucheka. Alimtazama Verna kwa muda, kama mtu aliyenyoosha mkono akakuta ngazi imeondolewa.

Jumamosi Verna alingoja mpaka Gordy alipomeza mkate. Kisha akamwambia yote. Saa, daraja, jogoo mwekundu, uzi wa kijani. Akayasema akilia.

Gordy aliacha kutafuna. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemfundisha Verna kuogelea, na kila msimu wa baridi alimwachia koti lake zito. "Umeona gari la baba?"

"Nimeliona."

"Nionyeshe basi."

Wakaenda pamoja hadi kwenye kopo la biskuti. Verna akakitoa kipande, akakinyoosha dirishani. Kilikuwa cheupe mwanzo hadi mwisho. Kisafi kama glasi iliyooshwa. Hapakuwa na barabara. Hapakuwa na kitu.

Ila vidole vyake vilinuka petroli.

Gordy akapumua, halafu akamsugua kichwa kama alivyokuwa akifanya walipokuwa wadogo. "Unashona mpaka usiku wa manane, dada. Umeota. Nenda kalale."

Verna alificha funguo za gari ndani ya kopo la unga. Alisahau kwamba baba yao alikuwa na za akiba, amezining'iniza gereji nyuma ya msumeno. Jioni alisikia injini ikiwaka, akatoka mbio peku. Twila alikuwa kiti cha mbele, amevaa gauni lake la njano, anampungia mkono. Verna alikimbilia gari hadi mwisho wa uzio. Alipiga simu kwenye ukumbi wa dansi mara tatu. Kila mara mtu alipokea, Verna akasikia muziki, na mtu yule akaweka simu kando, akaisahau.

Alfajiri askari wa wilaya alisimama barazani, kofia kifuani.

Gordy alikuwa hai. Mguu umevunjika mara mbili, taya pia. Twila hakuwa hai.

"Daraja la Kessler," askari alimwambia baba yao. Alionekana kama mtu anayetaka kusema jambo jingine na kuona haya. "Bwana Stoltz... tulikuwa wa kwanza kuitwa. Tulifika mbio. Lakini tulikuta mtu ametutangulia, anapiga picha. Nilidhani ni wa kwetu. Nilipomuuliza amefika lini, aliniambia alikuwepo tangu mapema."

Gordy alipoondolewa waya kwenye taya, maneno yake ya kwanza aliyasema kwa dada yake. Hakuyasema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa na hasira.

"Ungenionyesha."

Verna hakurudi shuleni. Asingeweza kupita mlango wa chumba kile. Bi Feeney alimpa kazi dukani, na mwaka mzima aliuza vidonge vya kikohozi na soda, hamtazami mtu machoni. Mamake Twila alipoingia, Verna alienda stoo kupanga maboksi mpaka atoke.

Mei ikarudi.

Ilikuwa Alhamisi, jua linazama, Bi Feeney yuko juu amelala na baridi yabisi yake. Basi halikuwa limepita. Kengele ya mlango ikalia... na kabla hajainua kichwa, Verna alijua. Majani mabichi yaliyopondwa. Petroli.

Kopo likawekwa mbele yake. Mkono ulioliweka alishauona ukutani, na saa yake ile ile.

Alitaka kupiga kelele. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo.

"Wewe ndiye unayewaua?"

"Sijawahi kumgusa hata mmoja." Alinong'ona kama kitu kinachosuguana na chuma. "Mimi nafika mapema tu. Naleta. Wao wanakata."

"Nani anakata?"

"Daima ni yule anayependa zaidi."

Kengele ikalia tena. Dirishani Verna hakuona mtu barabarani, wala upande huu wala ule. Kwenye kaunta, pale kopo lilipowekwa, palikuwa na jani moja la nyasi, bichi, lenye umande.

Hata hajalifuta, mlango ukafunguka kwa kishindo. Aliingia msichana mwembamba mwenye nywele nyekundu, anahema.

"Hujambo, dada! Nimetumwa na Bwana Ostrander. Ile filamu ya kutapisha imefika?"

"Wewe ndiye fundi wa projekta?"

"Ndiye mimi. Roberta. Kaka zangu wawili wanasema nitazimia. Tutaona nani atazimia." Alinyoosha mikono kulichukua kopo.

Verna hakuliachia.

Walilishika wote wawili, mmoja upande huu wa kaunta, mmoja ule. Kwenye mfuko wa shati la Roberta, penseli mbili, na katikati yake wembe wa kurekebishia filamu, umefungwa vizuri ndani ya karatasi.

"Kaka zako," Verna aliuliza taratibu, "wanakwenda dansi?"

"Wote. Na kwa gari moja." Tabasamu la Roberta likapungua. "Dada, mbona huliachii?"

Verna akavua aproni. Akageuza kibao cha mlango, kikaonyesha duka limefungwa. Akanyoosha mkono mbele ya msichana yule, kiganja juu.

"Nipe huo wembe."

"Nitarekebishaje ikikatika?"

"Ikikatika nitakuwepo. Leo tutaiangalia wawili. Na chochote tutakachokiona, Roberta... chochote... kesho wataonyeshwa wote."

Roberta alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaacha. Akautoa wembe, akampa. Verna akaudondosha katika ndoo ya takataka, wakatoka.

Walitembea haraka. Shule ilikuwa imefungwa tangu saa tisa. Roberta alifungua mlango wa mbele kwa ufunguo wa mwalimu, na ushoroba ukawa mbele yao, mrefu, mweusi, na mwisho wake chumba kile. Verna alikuwa hajaingia humo mwaka mzima. Akakaza mikono kwenye kopo.

"Dada," Roberta akanong'ona. "Kuna mtu humo?"

Chini ya mlango mwanga ulikuwa ukipepesuka, na kutoka ndani, ingawa kopo lilikuwa bado mikononi mwao na halijafunguliwa, projekta ilikuwa inazunguka.

Tak-tak-tak-tak-tak...

Verna akamshika Roberta mkono. Akasukuma mlango.