Fundo Begani mwa Mbuzi

Mbuzi alikutwa nje ya zizi, koo limekatwa, na begani ana shimo la ukubwa wa kiganja. Nyama nyingine yote ilikuwepo.

"Mwizi alishtuka akakimbia," alisema Daktari Erasmus, mpasuaji na mkuu wa kituo kile cha utafiti, nje kidogo ya Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji.

Inspekta Magreth Lugembe aliinama kuutazama mzoga. Huyu hakuwa mbuzi wa kitoweo. Begani alikuwa amepandikizwa, kwa majaribio, jeli laini ya kujaza nyama iliyopotea, karibu yote maji, iliyoshikwa na nyuzi za selulosi zilizotolewa kwenye mabua ya tumbaku ya Goweko. Jeli hiyo hiyo ilikuwa shavuni mwa Leonia, mdogo wake Magreth, aliyeraruliwa na pembe ya fahali. Tangu juzi shavu lilikuwa la moto. Bega la mbuzi lingesema kama Leonia yu salama. Sasa bega lilikuwa shimo.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Tobias, mlinzi.

"Panga lako lina damu," Magreth alisema.

"Ya kuku, afande. Shemeji kanitembelea jana. Mimi nile mbuzi wa sindano? Hata fisi wa Goweko angemuuliza daktari kwanza!"

Askari walicheka. Magreth aliendelea kuuliza.

"Ukaacha lindo?"

"Daktari aliniruhusu. Alisema nenda kampokee, udugu kwanza."

Wa pili alikuwa Mathias, afisa mifugo, aliyewahi kuapa mbele ya watu kwamba atalifunga zizi lile. Alipigiwa simu. Siku mbili hizo alikuwa kijiji cha Choma akichanja ng'ombe, na wafugaji wakathibitisha. Mmoja alilalamika kwamba sindano yake ilikuwa butu.

Magreth alirudi kwenye mzoga, akalipanua jeraha kwa kijiti. Humo ndani, chini kabisa, aliona mshipa wa damu umefungwa kwa uzi mweusi wa kushonea majeraha. Fundo lilikazwa vizuri, ncha zimekatwa fupi.

Alimwita daktari ofisini. Leonia alikuwa ameketi humo, khanga imefunika nusu ya uso.

"Shikamoo Daktari," alisema Leonia.

"Marahaba, binti. Jeraha linapona hilo, usiwe na hofu."

"Daktari," Magreth alimkatiza, "umewahi kumwona mwizi wa mbuzi anayefunga mshipa ili mbuzi asivuje damu?"

Erasmus akaangalia mlango.

"Mbuzi alipasuliwa akiwa hai, na aliyempasua hakutaka afe. Akafunga mshipa. Kisha akaona kitu ndani, akabadili nia, akamkata koo ili aonekane kaibwa. Mathias alikuwa Choma. Tobias ulimwondoa wewe. Nani tena hapa ana uzi ule?"

Daktari aliitazama mikono yake kama mikono ya mtu mwingine.

"Mkono ulifanya wenyewe," alisema. "Miaka ishirini, nikiona damu nafunga. Hata sikukumbuka."

"Uliona nini?"

"Usaha. Nyuzi hazikusafishwa sawasawa, sumu ya tumbaku imebaki. Jeli imekatikakatika, imeoza."

"Na Leonia ulimwekea kabla hujajua!"

"Wenzetu wa ng'ambo wangenitangulia! Nani angeamini kwamba kitu kama hiki kimetoka Tabora? Nilitaka tuwe wa kwanza, hata kibali sikungoja."

"Tuwe?" Leonia alifunua khanga. Shavu lilikuwa limevimba, liking'aa. "Mimi na wewe, Daktari? Mbuzi kachinjwa usiku ili jina lako lisioze, na mimi ukaniambia napona!"

Magreth alimfunga daktari pingu. Askari wakamwinua.

"Inspekta," Erasmus alisema mlangoni, sauti imekauka, "jeli isikae humo hadi kesho. Usaha ukifika jichoni, basi."

"Tutampeleka Mwanza."

"Atafika saa ngapi? Na huko nani anajua nimeipitisha wapi? Imezunguka mshipa wa fahamu. Wakikosea, mdomo utapinda maisha yake yote."

Magreth alitaka kumpiga. Alitamani awe mwongo, lakini mtu huyu alikuwa amemaliza uongo wake wote. Akamgeukia mdogo wake.

Leonia alilia kimya, kisha akafuta machozi upande ule usiouma.

"Mfungue, dada," alisema. "Sina mwingine. Akimaliza, mfunge tena."

Ufunguo ulikuwa mdogo, na Magreth alilikosa tundu mara ya kwanza. Mara ya pili pingu zikafunguka.