Bakuli la Sitara

Kila asubuhi Kijakazi alikaanga vitumbua barazani kwake, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Binti yake Sitara, mwenye umri wa miaka minne, aliketishwa mkekani. Akilia kutaka kucheza, alipewa kitumbua na chai ya sukari. Alitulia.

Lakini Sitara hakuwa na nguvu. Akitembea hatua chache, alitaka kubebwa.

"Mwezi ukiandama nitampeleka Kisiju kwa mama," alisema Rajabu, mume wa Kijakazi. "Huenda huko akapata nguvu."

Kijakazi hakuwa tayari kutengana na mwanawe. Akamweleza jirani yake Euphrasia, mhudumu wa zahanati ya watoto, aliyepanga chumba cha uani. Euphrasia alimpeleka Sitara akapimwa. Hakuonekana na ugonjwa.

"Mchana anakula nini?" Euphrasia alimuuliza Kijakazi.

"Anakula nasi, dada. Wali, samaki, mchicha. Sinia hurudi tupu."

"Tupu, sawa. Nani huimaliza?"

Kijakazi aliamua kuchunguza. Mchana ule alitazama vema. Kaka watatu wa Sitara walimega upesi. Sitara, aliyekwisha kushiba vitumbua, alitafuna tonge moja polepole. Alipotaka la pili, samaki alikuwa amebaki miiba.

"Vitumbua na chai ya sukari humshibisha, havimjengi," Euphrasia aliwaeleza Kijakazi na Rajabu jioni ile. "Asubuhi mpe uji wenye maziwa. Mchana mtengee bakuli: wali, mboga, kunde au samaki aliyetolewa miiba. Mpe na papai. Kisha mwache akimbie. Mtoto wa kuketishwa hapati hamu ya kula."

Rajabu aliguna. "Bakuli la peke yake! Mwataka awe mchoyo kama paka wa bucha?"

"Shemeji, atakaa mkekani pamoja nanyi. Bakuli ni la kumkinga na mikono yenu mirefu."

Rajabu aliutazama mkono wake, akacheka.

Siku tatu Sitara alililia kitumbua. Kijakazi hakulegea. Asubuhi alimwacha acheze uani na wenzake, mbali na moto. Jioni kaka zake walimpeleka uwanja wa Mnazi Mmoja kucheza mpira wa matambara. Alirudi na vumbi hadi masikioni, akilitafuta bakuli lake.

Mwezi uliandama. Asubuhi Rajabu alichukua furushi la nguo, akainama ambebe binti yake.

"Sitaki kubebwa! Nifukuze, baba!"

Sitara alitimka. Rajabu alimfukuza hadi pembe ya mtaa, akarudi akihema.

"Mama Sitara, fungua furushi hili," alisema. "Nitamwandikia mama barua. Aje yeye kututembelea."