Rangi Nyekundu kwenye Barabara ya Zamani

Duka la fotokopi lilijaa watu hadi mlangoni, na mpima barabara mmoja, badala ya kukanyaga sakafu, akakanyaga ramani ya mtu.

"We kaka, unakanyaga barabara yangu!"

"Yako tangu lini?"

Mwenye ramani alikuwa katibu wa chama cha hiari kinacholinda barabara kuu ya zamani, ile yenye mawe ya maili yaliyochongwa kwa mkono. Gauni la kijani, wino kidoleni, mdomo usiochoka. Wiki ya pili mpima alishamwita Bibi Mawe. Mwezi wa nne hakuna aliyelala bila kumpigia mwenzake simu.

Sasa sikilizeni balaa. Asubuhi moja katibu alifika barabarani akakuta mashimo. Mawe kumi na moja kati ya kumi na mawili hayapo! Akampigia mpima simu.

"Kampuni yenu ya barabara imeng'oa mawe yangu! Ulikuwa unanipenda au unanichunguza?"

"Mpenzi, nisikilize, rangi ile..."

"Usiniite mpenzi!" Akakata, akamfungia namba.

Siku tatu baadaye mpima aliingia kwenye kikao cha chama, buti zimejaa vumbi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mwenyekiti, mjomba wa katibu, akainuka kumtoa. Hakutoka.

"Mzee, nina swali moja tu. Nani aliyapaka mawe rangi nyekundu?"

"Mimi," katibu akajibu kwa kiburi. "Ili wanachama wajue ya kulinda."

"Kwetu sisi wa barabara, nyekundu maana yake ng'oa."

Miaka sita ya kuyapigania mawe yale, kisha ayamalize kwa brashi yake mwenyewe! Aibu ilimshika mwili mzima, akalia mbele za watu.

"Na lile la kumi na mbili?" akauliza mwishowe.

"Nilifika yale mengine yameshang'olewa, hilo nikalikalia mpaka dereva wa katapila akazima injini. Siku ileile wakanifukuza kazi. Nikakupigia, kumbe umenifungia namba."

Katibu akasimama. "Nioe."

Mjomba akadondosha miwani. "Wewe mtoto! Mbele ya wajumbe?"

"Mbele yao, mjomba. Si nilimtukana mbele yao siku zote tatu?"

Mpima akavua kofia. "Sina hata kazi, Bibi Mawe."

"Sijakuuliza kazi. Nimekuuliza wewe."

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, kichaa wangu."