Mstari wa Rangi ya Majivu

Sebuleni walikuwamo watu wawili, lakini kompyuta ilihesabu watatu.

Profesa, kama dada yake alivyozoea kumwita kwa utani, alicheka. Hakuwa profesa wa chochote. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya kompyuta, na utafiti wake, ambao kila mwanafunzi hutakiwa kuufanya peke yake, ulikuwa programu ya kusikiliza mazungumzo na kutambua nani kasema lini. Kila sauti ilipewa rangi. Yake ilikuwa kijani. Ya dada, fundi cherehani, nyekundu. Na kati ya rangi hizo mbili ulipita mstari mwembamba wa rangi ya majivu.

"Labda cherehani yangu inakusengenya," dada alisema, uzi mdomoni.

Profesa akarekodi tena, cherehani ikiwa kimya. Majivu yakarudi. Akatega sikio kwenye spika. Hakusikia neno. Alisikia pumzi, kama ya mtu anayefungua kinywa asijue aanzie wapi.

"Dada, umeunguza nini?"

"Sijawasha hata pasi."

Lakini chumba kizima kilinuka nywele zilizoungua.

"Programu inayohesabu mtu asiyekuwepo siwezi kuipeleka kwa mtahini," msimamizi wake alimwambia ofisini. "Irekebishe, binti yangu. La sivyo utarudia mwaka."

Kurudia mwaka. Mwaka huo dada yake alikuwa ameushona kwa mikono yake mwenyewe, gauni baada ya gauni, hadi vidole vikaota sugu.

Alibadilisha kinasa sauti. Akarekodi chumbani, akarekodi uani. Majivu yalimfuata. Basi alasiri moja, jua likiwaka dirishani, akafanya jambo ambalo mtafiti hafanyi: akafungua kumbukumbu za programu, na kila mahali mashine ilipoandika "hajulikani", akafuta, akaandika "mimi".

Kijani kikayameza majivu. Hesabu ikakaa sawa.

Nyuma ya kiti chake, mtu akashusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, ya aliyepewa alichokingoja. Akageuka. Hapakuwa na mtu.

Harufu ikakoma. Koo lake ndilo lililoanza kukwaruza.

"Mafua hayo," dada alisema. "Ingawa jana bafuni umeimba vizuri, mpaka nikaacha kushona nikusikilize."

Profesa hakuwa ameimba.

Siku ya kutetea utafiti wakaketi watatu: yeye, msimamizi, na mtahini kutoka chuo kingine. Msimamizi akasema, na ukutani, programu ilikoonyeshwa, ukachorwa mstari wa buluu. Mtahini akasema, ukachorwa wa njano. Profesa akafungua kinywa, nao mstari wake ukatoka wa majivu.

"Watu watatu, sauti tatu," mtahini akasema. "Umefaulu. Lakini itibu hiyo sauti, mama. Nilidhani nimeletewa bibi kizee."

Wakacheka. Naye akajaribu kucheka.

Akatoka bila kuaga, akapita watu njiani asiwaone, akimeza mate ili koo lilainike, akijaribu kulitamka jina la dada yake polepole na kulisikia likitoka kavu, la mtu mwingine, likikatika kama uzi mbovu, mpaka akaufikia mlango wa nyumbani, akaukuta umefungwa kwa ndani, akabisha.

"Dada, nifungulie. Nimefaulu."

Cherehani ikanyamaza.

"Nani wewe?"

"Mimi. Profesa wako."

Kisha akamsikia dada yake akinong'ona, si kwake, bali kwa mtu aliye karibu naye mle ndani.

"Profesa, njoo usikie. Kuna mtu mlangoni anajiita wewe."

Nyayo zikaja, nyepesi, bila haraka. Chini ya mlango ikapenya harufu ya nywele zilizoungua. Na sauti ikajibu, changa, laini, ile aliyozaliwa nayo:

"Usifungue, dada. Mimi niko humu."

Komeo la pili likasukumwa.