Siku Themanini za Pete

Foleni ya chakula cha mchana ilikuwa imefika mlangoni. Mkaguzi wa usalama wa mionzi, ndani ya gauni la kijani lililomkaa sawasawa, alikuwa ameshika sahani tupu simu ilipolia. Namba ya maabara. Wiki mbili hakuwa amesemezana na mpenzi wake, mtafiti wa pale, tangu yeye Mkaguzi alipomripoti kwa kufanya kazi bila jozi ya pili ya glavu juu ya ile ya kwanza.

"Mpenzi... samahani, Bi Mkaguzi. Iodini ya mionzi imemwagika. Wote wametoka, mwenzangu ananishikia simu mlangoni. Mimi sijasogea."

"Vizuri. Usiguse kitu, hata pua ikikuwasha!"

Alimkuta katikati ya chumba, mikono juu kama mwizi aliyefumaniwa. Miguuni pake palikuwa na tone dogo, kwa macho ni maji tu. Alipolisogezea kipimo cha mionzi kikaanza kulia, kisha kikalia kama mvua kwenye bati. Miaka tisa kazini na bado mwili ulimsisimka. Kitu kisicho na rangi wala harufu kilikuwa kinamsemesha, na kikimwingia mtu hukimbilia tezi ya shingoni. Shingo yenyewe ndiyo ile aliyozoea kuiegemea.

Alivaa glavu, akafunika tone kwa karatasi za kunyonya, akamvua viatu, akampima miguu na mikono. Kimya. Mfuko wa koti, uliorukiwa na tone, ndio uliokifanya kipige kelele.

"Una nini humu?"

"Achana nao, tafadhali."

"Baba, leo bosi ni mimi."

Akakitoa kilichokuwamo kwa koleo. Pete.

"Niliinunua siku ileile uliyoniripoti," alisema mtafiti, macho chini. "Nikanuna nayo. Leo nilikuwa nije kwenye foleni nikuombe radhi. Ungekuwa hunijali, ungenyamaza."

Machozi yalimtoka Mkaguzi, na kwa glavu zile hakuweza kuyafuta.

"Haivaliki hii," alisema. "Kila siku nane makali ya iodini yanapungua nusu. Ikae siku themanini."

"Na mimi je?"

"Wewe kesho asubuhi nakupima shingo."

Usiku ule Mkaguzi hakulala vizuri. Asubuhi alishika kipimo kooni kwa mtafiti, akahesabu dakika nzima huku roho iko juu. Kikagonga kwa uvivu, kama kinavyogonga kwenye ukuta mtupu.

"Umepona, mjinga wangu."

Kisha akalivuta sanduku la madini ya risasi, yanayozuia mionzi, alimoifungia pete jana. Lebo ilikuwa na tarehe ya kufunguliwa tayari. Kwenye mstari wa mwenye mali, uliobaki wazi tangu jana, akaandika jina lake mwenyewe.